Mshale wa Baridi katika Gari la Komisera

Ukimpelekea gari, hakuliangalia gari kwanza. Alikuangalia wewe. Alipangusa mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, huku macho yake yakikupima kuanzia viatu hadi kofia, kisha akauliza: "Nani alishika mwisho?" Ukimjibu kwamba hakuna aliyegusa, alitikisa kichwa kwa huzuni, kwa sababu kwake uongo ulikuwa umeanza mapema mno.

Nilimjua kwa miaka tisa katika gereji ya serikali pale Mikelenge, mjini Kindu, mimi nikiwa shofere, yeye akiwa fundi wa umeme wa magari. Mafundi wengine walikuwepo, wa injini, wa kuunga vyuma, wa matairi, na hao tuliwaita kwa majina yao. Yeye tulimwita Fundi tu. Jina lake nilikuwa nalijua, lakini sikumbuki kulitamka hata mara moja, na nadhani hata mkewe hakulitamka mbele za watu.

Alikuwa na daftari la shule lenye jalada la buluu, na penseli iliyofungwa kwa uzi kwenye kifungo cha ovaroli yake. Baada ya swali la kwanza lilikuja la pili: "Ulisikia nini?" Na la tatu, ambalo sisi mashofere tulilichukia kuliko yote: "Uliona na macho, ao walikuambia?" Ukisema uliambiwa, alichora mstari chini ya jibu lako, na mstari ule ulikufanya ujione mwizi hata kama ulikuja kwa sababu ya balbu moja iliyozima. Mwishowe alikusomea yote aliyoandika, polepole, neno kwa neno, akauliza kama ndivyo.

"Njo vile?"

"Njo vile, Fundi."

"Basi, tia sahihi."

Ambao hawakuishi siku zile watacheka. Lakini siku zile, kutia sahihi kwenye daftari la mtu halikuwa jambo la kucheka. Kulikuwa na watu walioandika maneno ya wenzao, na maneno hayo yalikuwa na miguu. Karani mmoja wa ofisi ya ardhi alileta gari lake lichajiwe batri, akakaa juu ya tairi, akasema mzaha kuhusu hotuba iliyokuwa ikisikika kwenye redio. Tulicheka wote. Siku tatu baadaye askari walimchukua mezani kwake, na hakurudi mpaka mvua za mwaka uliofuata, akiwa hana meno ya mbele. Siku ile ya mzaha tulikuwa watu wanne gerejini, na mmoja wetu alikuwa na daftari. Mimi sikuhitaji kufikiri sana.

Tena alivaa alama ya Chama wakati wote. Sisi tuliivaa siku za mikutano na siku ambazo wakubwa wangepita. Yeye aliibandika kwenye mfuko wa ovaroli na kulala nayo chini ya magari, ikadondokewa na mafuta, akaisugua kwa petroli jioni. Hakuna aliyejua kama aliivaa kwa mapenzi au kwa woga. Mimi nilisema ni kazi, ana kazi mbili.

Nisimwonee, lakini. Kushuku kwake hakukuchagua. Aliishuku saa ya stesheni, akaenda kila Jumatatu kusimama chini yake na saa yake ya mfukoni. Redio ikisema mvua imenyesha Kindu, alitoka uani akagusa ardhi. Mkewe alitusimulia mbele yake, akicheka mpaka machozi: "Nikimwambia uji iko moto, anaingiza kidole. Miaka yote hii ninapika, bado anaingiza kidole!" Naye alijibu bila kucheka kwamba uji wa jana hauwezi kuwa shahidi wa uji wa leo. Mwenyewe alikubali kushukiwa vilevile. Ukimwambia huamini kwamba dinamo yako imekufa, hakukasirika. Alikupa nyaya za mita yake mkononi. "Unanishuku? Sawa. Pima."

Kisanduku chake cha vyombo kilikuwa na kufuli tatu, na bisibisi yake hakumwazima mtu hata kama gari la mgonjwa linangoja. Lakini nyumba yake haikuwa na kufuli hata moja. Ilikuwa na pazia tu. Nilimuuliza sababu, akanishangaa. "Mule nyumba iko watu. Mu kisanduku iko vipimo." Fundi wa injini alipofariki, yeye alimpa mjane wake baiskeli yake ili abebee majani ya sombe sokoni, na tangu siku hiyo alitembea kwa miguu kutoka kwake hadi gerejini, asubuhi na jioni. Baiskeli ile hakuiulizia tena, wala hakuuliza nani aliishika mwisho. Mambo hayo mawili sikuweza kuyaweka pamoja kichwani, kwa hiyo nilichagua lile lililonifaa, nikaendelea kumwogopa.

Sasa nije kwenye gari la Komisera, mkubwa wa serikali kwetu.

Lilikuwa gari jeusi la Kijerumani, zee kuliko lilivyoonekana. Lilikuwa limechosha wakubwa wawili huko Kinshasa kabla ya kuletwa kwetu kwa meli na kwa treni. Viti vilikuwa vimepasuka, mlango mmoja ulifunguliwa kwa ndani tu. Lakini mbele ya shofere, kando ya saa, kulikuwa na kadra ndogo yenye mshale na namba za nyuzi, juu ya sifuri na chini ya sifuri, nayo ilionyesha joto la nje. Komisera aliipenda kadra ile kuliko injini. Alipandisha vioo, akawasha ubaridi, na kila alipokuwa na mgeni aliniuliza kwa sauti: "Shofere, kule inje iko ngapi?"

"Makumi tatu na mbili, Sitwayeni Komisera," kwa maana siku zile kila mtu aliitwa Sitwayeni, mwananchi.

Naye alitabasamu, mgeni akatazama watu waliokuwa wakitembea juani, tukaendelea na safari.

Siku moja alikuja mgeni mkubwa kutoka Kinshasa. Asubuhi kulikuwa na maandamano, magari yote yamepambwa kwa matawi ya mchikichi na bendera za Chama. Baada ya maandamano nikawapakia wote wawili nyuma, na mkuu wa vijana wa Chama akakaa mbele, kando yangu. Tulikuwa hatujafika hata mtoni Komisera akauliza swali lake. Nikatazama. Mshale ulikuwa umelala chini kabisa, kwenye nyuzi thelathini chini ya sifuri. Akauliza tena. Mgeni akanyoosha shingo mwenyewe, akaona, akacheka sana, akauliza kama Kindu kumeanza kudondoka theluji. Alicheka njia nzima. Komisera hakucheka, na mkuu wa vijana hakutazama kadra. Alinitazama mimi.

Kesho yake asubuhi niliitwa ofisini. Aliyesema alikuwa mkuu wa vijana, Komisera amekaa.

"Weye ulienda mu mugini ya Kama juma iliyopita na gari hii."

"Nilienda, nilitumwa."

"Kule Kama iko watu ya zahabu. Wanasema mu ile kitu inapima baridi iko chuma nyeupe kidogo, bei yake inapita zahabu. Ulitosha inje ile ya kweli, ukatia ya uongo. Ukamuchekesha Komisera mbele ya mugeni."

Habari hiyo ya chuma cheupe nilikuwa nimeisikia mimi pia kwa wachimbaji wa Kama. Walisema hivyo kuhusu kila kitu kidogo chenye waya mbili, hata vipande vya redio, na kulikuwa na wajinga walionunua. Nikaapa. Nikamtaja mama yangu. Mke wangu alikuwa amejifungua wiki tatu zilizopita, mtoto wetu wa kwanza, na nilijua watu waliopelekwa gerezani kwa dogo kuliko hilo. Komisera akafungua mdomo kwa mara ya kwanza.

"Fundi wa umeme atafanya raporo. Raporo ikisema ni weye, basi."

Ndivyo maisha yangu yalivyotiwa mikononi mwa mtu mwenye daftari. Ningechaguliwa mtu mwingine yeyote Kindu nzima, hata adui, ningeshukuru.

Nilipelekwa gerejini na askari mmoja. Fundi alinitazama viatu hadi kofia, ingawa tulijuana miaka yote ile. "Nani alishika mwisho?" Nikajibu. Akaandika. Kisha akaeleza, si kwangu bali kwa askari, kwamba nyuma ya parashoki, yaani bampa ya mbele, mahali penye upepo, kuna kidude kidogo kinachoonja hewa ya nje. Yeye alikiita ulimi. Kutoka kwenye ulimi zinapita waya mbili hadi kwenye kadra. "Ulimi inaonja, waya inapeleka, mushale inasema. Kati ya hawa watatu, moya iko anadanganya. Ao wote watatu."

Akamtuma askari kwa masista kuomba barafu kwenye friji yao. Askari akaenda. Tukabaki wawili. Fundi, akiwa amechuchumaa na kunipa mgongo, akasema: "Mulango iko wazi."

Sikusogea. Baada ya muda akageuka, akaona bado nimesimama palepale, akaandika kitu kwenye daftari. Nilimchukia kwa moyo wangu wote. Mtego gani huo wa kumtegea mtu mwenye mtoto wa wiki tatu?

Barafu ilipokuja akaitia kwenye kikombe cha maji, akautumbukiza ulimi, akashika nyaya za mita. Mshale wa mita ukatembea. Akautoa, akaufumbata kiganjani mwake, mshale ukarudi. Akafanya hivyo mara nne. Mara ya tano akanipa mimi niufumbate, na akaandika tena.

"Ulimi iko muzima," akasema.

"Basi siko mwizi!"

"Sikusema vile. Nilisema ulimi iko muzima. Labda ulitosha muzima, ukatia muzima ingine."

Askari alicheka. Mimi nilitaka kumpiga.

Akaingia ndani ya gari, akaichomoa kadra, akaziunganisha waya mbili za nyuma yake. Mshale ukaruka kutoka kwenye baridi ile ya kipumbavu hadi juu kabisa. Akaziachia, ukaanguka. Akaziunganisha, ukaruka. Kadra pia nzima. Akairudisha, akaenda mbele, akaziunganisha waya zilezile huku mbele zinapofika kwenye ulimi. Safari hii mshale haukutikisika. Basi mwongo alikuwa waya, mahali fulani kati ya mbele na nyuma. Akalala chali chini ya parashoki, tukaona miguu yake tu, na kwa muda mrefu hatukusikia hata sauti ya chombo.

Kisha akauliza kutoka kule chini: "Nani alipamba gari siku ya maandamano?"

"Mukuu wa vijana mwenyewe. Alikataa nishike."

"Uliona na macho?"

"Niliona na macho yangu, Fundi."

Akatoka. Akakaa kitako. Penseli ilikuwa mkononi mwake, nami nikangoja aandike. Hakuandika. Katika miaka tisa hilo lilikuwa jibu la kwanza nililoona akiliacha lipotee hewani. Niliwaza: kumbe hataki neno langu hili liwepo. Anamficha mkubwa wake.

"Nendeni mukaye kule ukutani, weye na askari," akasema.

Kutoka ukutani nilimwona akichuchumaa tena na koleo. Alivuta kitu kidogo, akakitazama pande zote, akakitia kwenye mfuko wenye alama ya Chama. Halafu akaandika: kwanza kwenye daftari, kisha kwenye karatasi nyeupe ya serikali, muda mrefu, akifuta na kuandika upya. Alipokuja kwetu alinyoosha daftari. "Nikusomee, utie sahihi."

"Sitii sahihi yangu popote," nikasema. "Hata ukinisomea mpaka kesho."

Alinitazama. "Sawa," akasema, akafunga daftari.

Siku mbili nililala chini kwenye kasho, chumba cha mahabusu. Mke wangu aliniletea ugali na mtoto mgongoni, akanionyesha mtoto kupitia nafasi ya mlango, sikuweza kumshika. Siku ya tatu waliniita, wakanirudishia funguo za gari bila neno. Nje, getini, mkuu wa vijana alinikaribia, akanishika bega kama rafiki. "Fundi yako alituambia mambo yako yote," akasema.

Maneno hayo niliyabeba. Kwa nini basi waliniacha? Nililitafakari usiku na mchana, na kila nilipolitafakari nilipata jibu baya zaidi. Waliniacha ili wanifuate. Waliniacha ili nizungumze na watu, wawakamate na hao. Nikaacha kupita gerejini ila kwa lazima. Wiki ile ile tukasikia Fundi amehamishwa, anapelekwa Obokote kwenye mashine za msitu, umbali wa siku kadhaa kwa barabara ile, na nyumba ya serikali anaiacha. Wengine walishangaa. Mimi nilisema amepewa kazi nyingine kule, kusikiliza watu wengine. Nilisema hivyo kwa sauti, kwa watu wengi. Leo inaniuma kuliandika.

Kabla ya kuondoka alikuja kwangu. Nilimwona kupitia dirisha, kisanduku chake begani. Nikajificha nyuma ya kabati, nikamwambia mke wangu aseme sipo. Mke wangu, aliyelelewa vizuri kuliko mimi, alisema hivyo akiangalia chini. Na pale nyuma ya kabati nikakohoa. Fundi alisimama kidogo mlangoni, kisha akamtakia mtoto afya, akaenda.

Ikapita miaka sita. Komisera aliondoka, gari lile liliishia kuwa banda la kuku. Mwaka ule tai za kuvaa, zilizokuwa zimepigwa marufuku, ziliporudi shingoni mwa watu, na ikasemekana mtu anaweza kuwa na chama anachotaka, mimi nilikuwa naendesha lori la mfanyabiashara wa mchele. Nilipofika Obokote taa za mbele zilikuwa zimekufa. Nikauliza fundi wa umeme. Wakanielekeza kwenye banda la bati.

Alikuwa amezeeka, mgongo umepinda. Ovaroli ilikuwa ileile. Alama ya Chama haikuwepo tena, mahali pake kulikuwa na duara safi ambalo mafuta hayakuwahi kufika. Alipangusa mikono, kidole kimoja kimoja, akanitazama viatu hadi kofia.

"Nani alishika mwisho?"

"Mimi, Fundi."

Hakusema kama amenitambua. Nilishindwa kuvumilia. Nilimwambia vyama vimekuwa vingi, hakuna tena wa kuogopwa, aniambie leo alichowaandikia juu yangu, na alichoandika juu ya yule karani wa ofisi ya ardhi. Nilisema kwa ukali kuliko nilivyopanga. Yeye akaenda kwenye kisanduku, akafungua kufuli ya kwanza, ya pili, ya tatu, akatoa madaftari ya buluu yaliyofungwa kamba. Alitafuta kwa kulowesha kidole. Ukurasa wa siku ya karani ulikuwa na mstari mmoja: batri, seli ya nne imekauka. Hakuna mzaha, hakuna hotuba.

"Siku ile mulikuwa watu wane," akasema. "Weye uliuliza nani mwingine?"

Sikuwa nimemuuliza mtu.

Akafungua daftari lingine. Siku ya gari la Komisera ilikuwa na ukurasa mzima, na katikati kilikuwa kimeshonwa kwa uzi kipande cha waya wa kufungia, kirefu kama kidole, kimejikunja, na kwenye pindo lake nyuzi chache za kitambaa cha kijani. Chini yake penseli ilisema: waya wa bendera umekazwa juu ya waya wa ulimi, umeukata. Amefunga mkuu wa vijana. Shofere ameona na macho. Mlango ulikuwa wazi, shofere hakukimbia.

"Na raporo?" nikauliza.

"Nani angeandika kama bendera njo ilikata waya? Weye ungeandika?" Akasugua duara lile safi kifuani. "Niliandika kosa ni yangu. Nilibana waya siku nilifunga parashoki. Raporo zangu zote, uongo iko moya tu, njo ile."

Nilikaa juu ya tairi. Nilifikiria nyumba aliyoiacha, safari ile ya siku kadhaa na kisanduku begani. Nilimuuliza mkewe yuko wapi, akanionyesha kwa kidevu kaburi lenye msalaba wa chuma, nyuma ya banda.

"Fundi, nilikushuku miaka sita."

"Najua. Siku ile ulikohoa." Hakukuwa na hasira katika sauti yake, na hilo ndilo lililonivunja. "Kushuku, hakuna mubaya. Hata miye nilikushuku mpaka nikaona waya. Bila ile waya, ningeandika jina yako. Lakini miye nilipima. Weye ulipima?"

"Hapana, Fundi."

Akachukua penseli, akaandika chini ya ukurasa uleule, polepole, kisha akanisomea: "Shofere alinishuku miaka sita. Hakupima." Akanitazama. "Njo vile?"

"Njo vile, Fundi."

Akanigeuzia daftari, akanipa penseli, uzi ukiwa bado kwenye kifungo chake, kwa hiyo ilibidi niiname karibu naye hadi nikasikia pumzi yake. Machozi yalidondokea karatasi, akayapangusa haraka kwa kitambaa chake yasifute maandishi. Nikatia sahihi yangu.